Kwetu hela ya makopo wanashika watoto wenyewe, na haijapotea hata mia

Kila nikiwaelezea walimu wenzangu mradi wetu wa makopo, yaani wanafunzi kuokota chupa tupu za plastiki na kuziuza, swali la kwanza ni hilohilo, "sasa hela anashika nani?" Nikijibu wanafunzi, watu wanacheka. Mimi ni mwalimu wa mazingira shule ya msingi hapa Mtwara mjini, na nasema kwa kujivunia kabisa, daftari letu linaandikwa na binti wa darasa la sita, hela inahesabiwa mstarini mbele ya shule nzima, na mpaka leo haijapotea hata mia. Kuna miradi ya walimu wakubwa wakubwa nimeiona imekufa kabla ya likizo ya mwezi wa sita, huu wa watoto upo.

Tulikotoka ni hivi. Mifuko ya plastiki ilivyopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 uwanja wetu ulipumua kidogo, lakini chupa za maji na za juisi hazikwenda popote. Tuko upande wa bahari, kusi ikianza kuvuma kila kitu kinachotupwa barabarani kinahamia kwetu. Tulikuwa na shimo nyuma ya vyoo, uchafu wote unaingia humo unachomwa, na moshi wake unaingia moja kwa moja darasa la pili. Watoto wanakohoa, mwalimu anafunga dirisha, joto la Mtwara mnalijua. Mtoto mmoja wa darasa la tano ndo aliuliza, "Mwalimu, wale wakaka wenye viroba wanaokota makopo wanauza, sisi mbona tunachoma?" Swali lilitoka kwake, na ndo maana mpaka kesho sikubali mtu aniambie huu mradi ni wangu.

Tukaenda kwa mnunuzi kwanza, kabla ya kuokota hata chupa moja. Wengi wanafanya kinyume, wanakusanya chumba kinajaa halafu ndo wanaanza kuulizia nani ananunua. Nilienda na watoto wachache tukakaa naye kwenye skrepa zake akawaelekeza: chupa isiwe na maji ndani, nyeupe zikae peke yake na za rangi peke yake, vifuniko pembeni, iliyokuwa na mafuta hachukui. Bei kwa kilo mara mia mbili, mara mia tatu, ikichangamka mia nne. Msidanganyike kwamba ni hela nyingi, chupa ndogo za nusu lita ni kama 50 mpaka 80 ndo zinafika kilo moja, na mzigo wenyewe unasafiri zaidi ya kilomita 550 mpaka Dar, na huo usafiri lazima utoke kwenye hiyohiyo bei.

Sasa nije kwenye ushauri uliotuchosha. Tulikuwa na semina, mwezeshaji akatuambia watoto hawawezi kufanya kitu bila shindano, kwa hiyo kila darasa lihesabu chupa zake, litakaloleta nyingi lipewe mpira. Nikasema palepale, hapa mjini chupa tupu si uchafu kwa kila mtu, kuna kina mama wanauzia juisi, wanawekea mafuta ya nazi, asali, mafuta ya taa, hawa watoto watabeba chupa za mama zao. Nikaambiwa mwalimu usiwakatishe tamaa wenzako. Haya, likatangazwa.

Jumatatu watoto wameingia getini na chupa mpaka mikononi hawana pa kushikia daftari. Mmoja kaweka kwenye begi chupa iliyobaki mafuta ya taa chini, imemwagikia madaftari yote, darasa zima linanuka taa. Mwingine kaja na kidumu cha lita tano ambacho bibi yake anachotea maji. Kaka na dada wa nyumba moja wanapigania chupa moja maana wako madarasa tofauti. Halafu kesho yake kaja bibi mmoja anayeuza juisi ya ukwaju, katembea kwa miguu kutoka kwake na jua lile. Namwambia shikamoo bibi, karibu ukae, kaitikia "marahaba mwanangu, sikai, nimefuata chupa zangu." Wajukuu zake walibeba zote, hajabakiwa na hata ya kuwekea juisi ya siku ile. Akaniambia, "Zile si takataka mwanangu, zile ndo duka langu." Tumeinama kwenye lile lundo mimi na watoto kumtafutia za kwake, na yeye anazijua moja moja, hii ina mkwaruzo, hii kifuniko chake cha kijani. Walifuata wamama wengine wiki ile, kila mmoja na hasira zake na wote walikuwa na haki.

Mwezeshaji alivyosikia akasema basi msihesabu, pimeni kwa kilo. Vijana wa darasa la saba wakaleta chupa zina mchanga wa bahari ndani, nyingine zina maji robo. Aliyewagundua ni binti aliyekuwa anapima, alikuwa anazitikisa moja moja sikioni. Hakuja kunisemea ofisini, aliitisha kikao cha klabu yao ya makopo, wakakaa chini ya mkorosho bila mwalimu yeyote, wakatoka na maamuzi yao: shindano limekufa, chupa ya nyumbani haiji shuleni mpaka mama aseme ichukue, kilo zote ni za shule nzima na hakuna darasa la kwanza wala la mwisho. Mpira ulionunuliwa kwa ajili ya zawadi wakaamua uchezwe na wote. Tangu siku ile mchanga haukuonekana tena, maana hakuna wa kumshinda.

Kwenye uongozi nilishikilia jambo moja, viranja wasiwe viongozi wa makopo. Kiranja kazoea kuamrisha, atawasimamisha wadogo waokote yeye ameshika fimbo. Klabu inachagua yenyewe, na wanachaguliwa wa darasa la tano na la sita tu. La saba wana mtihani wa taifa mwezi wa tisa, ukiwapa wao kazi mwezi wa tisa mradi umebaki yatima. Kuna mpimaji, mwandishi, mtunza hela na msemaji anayeongea na mnunuzi. Kiboksi cha hela kina kufuli mbili, ufunguo mmoja anao mtunza hela na mwingine ninao mimi, boksi linalala ofisini kwa mwalimu mkuu. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake, hata mkuu mwenyewe, na alikubali, namshukuru sana kwa hilo. Siku ya kuuza, kilo na hela zinaandikwa kwenye ubao wa nje, mzazi akipita anasoma.

Mambo ya usalama yasiwe ya kujadiliana. Hakuna mtoto wa kwenda jalalani, hakuna kugusa sindano, pampasi wala chupa ya dawa, ufukweni wanaenda na mwalimu, na sabuni ya kunawa iwepo kabla ya kazi. Mvua zikianza chupa zikanyagwe bapa siku hiyohiyo, zikikaa wazi zinashika maji na mbu wa dengi wanazaliana humo. Kukanyaga ndo kazi wanayoipenda kuliko zote, Ijumaa mchana utasikia mlio wake mpaka barabarani.

Kitu kingine wanachokipenda ni ndoo ya maji. Wadogo walikuwa wanachanganya kila kitu, chupa ya maji, kopo la mafuta ya kupaka, kifuniko, wakati mnunuzi makopo ana bei yake na plastiki ngumu ina bei yake. Chini ya chupa kuna kipembetatu chenye namba, moja ni chupa za maji na soda, mbili ni madumu na makopo ya sabuni, lakini namba nyingine zimefutika na mtoto wa la tatu hana subira ya kuzitafuta. Basi wanakata kakipande, wanakazamisha kwenye ndoo mpaka mapovu yaishe halafu wanakaachia, ka chupa ya maji kanabaki chini, ka kifuniko na ka dumu kanapanda juu kuelea. Ubishi umeisha. Kwenye viwanda vya kurejeleza wanatenganisha kwa njia hiyohiyo, ni uzito wa plastiki yenyewe ukilinganisha na maji. Lakini kata kipande, usiweke chupa nzima, ina hewa itaelea tu. Vifuniko vingine tunavibakiza, darasa la kwanza wanahesabia pamoja na visoda.

Halafu kuna ile ya mzani, hii nikiwa mzee nitakuwa bado naisimulia. Tulinunua mzani wa kuning'iniza, kama ule wa wauza samaki, umetumika, bei yake ilikuwa elfu thelathini na kitu hivi. Watoto wakawa wanapima shuleni kabla ya kwenda kuuza. Siku hiyo sisi tumepima kilo 26, kwa mnunuzi ikasoma 22. Mimi nilikuwa tayari kunyamaza, nikiangalia jua linavyozama na guta tunalilipia. Msemaji wetu, kijana mpole kweli, akasema "Mjomba, samahani, sisi tulipima 26." Mnunuzi akamwambia mzani wenu wa shule ni wa kuchezea. Yule mtoto hakubisha wala hakupandisha sauti. Akanong'ona na wenzake, wakavuka barabara mpaka dukani, wakamwomba mama wa dukani mfuko wa sembe wa kilo 25, haujafunguliwa, umeshonwa na uzito umeandikwa. Yule mama alisita, wakaniita, nikamwahidi nikiuharibu nalipa. Wakauleta kwenye toroli. Wakautundika kwenye mzani wetu tuliokuja nao, 25. Wakautundika kwenye mzani wa mjomba, 21 na kidogo.

Watu waliokuja kuuza vyuma vyao pale walinyamaza wote, halafu mmoja akasema "ebu na mimi nipimie tena." Mnunuzi mwenyewe alikuwa muungwana, aliuangalia mzani wake, akasema kweli mzani una kasoro, akatulipa kilo 26 na siku nyingine tulivyokwenda tulikuta ana mzani mwingine. Simtuhumu kitu, bado tunamuuzia yeye na anawaheshimu wale watoto kuliko anavyoniheshimu mimi. Mfuko wa sembe ulirudi dukani salama. Hilo darasa la vipimo hakuna kitabu kitakachowafundisha vile.

Wakati mgumu kabisa ulikuwa Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake, barabara ikakatika kule Somanga. Hakuna gari la kwenda Dar, mnunuzi akasema msilete kitu, kwangu pamejaa. Chupa zikawa zinaingia tu. Baadhi ya wenzangu wakaanza, mwalimu choma hizo, stoo inanuka, zitaleta nyoka. Nikawapelekea watoto swali lao. Wakakataa kuchoma, wakasema tulianza hii kazi kwa sababu ya ule moshi. Wakaomba lile jiko la zamani lisilotumika, wakaosha chupa upya, wakakanyaga, wakafunga kwenye viroba wakapanga mpaka kwenye kenchi. Kwa mwezi wa tano ule wakatangaza mstarini kila mtu apunguze kununua chupa, aje na maji ya nyumbani. Barabara ilivyofunguka mzigo ulitoka wote, na mimi nililia kwa furaha, sioni aibu kusema.

Hela wanapiga kura. Kuna mwalimu alipendekeza itoke kidogo ya chai ya walimu, nikamwambia hapana, na nitaendelea kusema hapana. Mara ya kwanza walinunua sabuni na ndoo za kunawia, baadaye wasichana wakasimama wakaomba taulo za kike ziwepo ofisini kwa matroni kwa anayepata dharura, na wavulana walipiga kura ya ndiyo karibu wote. Msimu wa korosho mzigo unapungua, watoto wengi wako mashambani na wazazi, hata maguta yanapanda bei, kwa hiyo Oktoba mpaka Desemba usipange kununua kitu kikubwa.

Sasa hivi wanabishana kuhusu chupa za vioo. Hapa mjini hatujapata anayenunua, na kamati imeamua zisipokelewe mpaka mnunuzi apatikane, wauza asali waendelee kuzitumia. Kama uko Lindi au Masasi na unamfahamu anayechukua vioo kwa kilo, nipe namba yake nimpe msemaji wetu, na mwambie kabisa mzani tunakuja nao.