Saini ya Baba Yake

Chuo nilichosoma Prague kiliitwa Chuo Kikuu cha Novemba 17. Kilianzishwa mwaka 1961 kwa ajili ya wanafunzi wa kigeni kama sisi, na jina lake ni la siku ile ya mwaka 1939 Wajerumani walipovifunga vyuo vikuu vya Wacheki, wakaua watu tisa na kuwapeleka wanafunzi wapatao 1,200 kambi ya Sachsenhausen. Tarehe hiyo ilipofika, baada ya hotuba, mwalimu wetu wa lugha alitukaribisha kwake chai, mimi na mwenzangu Mzanzibari.

Mwenzangu ndiye aliyeuliza. "Mwalimu, vyuo vilifungwa. Na shule za watoto je?"

"Mimi walinipeleka ya kwao," akasema.

Kwao mwalimu ni Jihlava, mji ambao Wacheki na Wajerumani waliishi pamoja na kugombea watoto wa kuandikisha shuleni tangu enzi za Austria. Baba yake, mfanyakazi wa reli, alikuwa Mcheki. Mama yake alitoka ukoo wa Kijerumani. Mwaka 1942 watu walikuja shuleni, wakasema wanapima afya. Kumbe walikuwa wakitazama rangi ya macho na nywele, upana wa mashavu, urefu wa mtoto, ili wajue nani anafaa kugeuzwa Mjerumani. Yeye alifaa.

Baba akaitwa ofisini. Alielezwa kwamba nafasi katika sekondari za Kicheki zimepunguzwa sana, kwamba familia ikijiandikisha kuwa ya Kijerumani itapata kadi bora za mgao wa chakula, na kwamba mke wake ni damu yao tayari. Ilikuwa miezi michache baada ya kijiji cha Kicheki cha Lidice kuteketezwa na Wajerumani. Akatia saini.

Nilibaki nikimtazama. Tanganyika ya Waingereza niliyokulia iligawa shule kwa rangi: Wazungu kwao, Waasia kwao, sisi kwetu. Nilikua nikiamini kwamba dhuluma ya mtawala ni kukunyima shule yake. Sikuwahi kuwaza kwamba anaweza kukufungulia mlango, akakuchagua wewe na kumwacha binamu yako, na hiyo nayo ikawa dhuluma, pengine nzito kuliko ile niliyoijua. Shuleni kule Kicheki kilikatazwa hata uani. Jioni watoto wa mtaani kwao, aliocheza nao tangu utotoni, walikuwa hawamjibu salamu.

Ila lililomtoa machozi halikuwa shule. Ukishaandikwa raia wa Ujerumani, wanao wa kiume wanaandikishwa jeshini. Kaka yake alichukuliwa, akapelekwa Urusi, hakurudi. Vita vilipokwisha mwaka 1945 Wajerumani wakafukuzwa nchini kwa mamilioni, wajomba zake wakiwamo, na baba akasimama mbele ya kamati kuthibitisha kwamba nyumba yake ni ya Kicheki. Waliruhusiwa kubaki.

Baba huyo alikufa akiamini saini yake ndiyo iliyomwua mwanawe. Mimi siamini hivyo. Waliomwua kijana ni wale walioiweka karatasi ile mezani na kumshikisha baba kalamu, huku kijiji kizima kikiwa majivu. Nikamwambia mwalimu hivyo. Akajibu kwamba mama yake alimwambia baba maneno hayohayo miaka yote, na baba hakuyapokea.