Sado tano kibarazani: nilivyozielewa orodha na fanksheni

Nilianza kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa sababu ya daftari la mama. Mama anauza dagaa kwa jumla pale soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, na wateja wake wengi ni wa mbali. Hawataji kwa majina. Kwake mteja ni mji: "Kahama kachukua magunia sita, Geita hajamalizia, Tabora nidai kesho." Daftari lenyewe lilikuwa limeloa, kurasa zimegandana, na kila tulipokaa kujumlisha madeni tulipata jibu tofauti na la jana yake.

Niseme kwanza kuhusu ushauri niliopewa, maana mpaka leo unaniudhi. Kaka mmoja wa mtaani aliyesomea kompyuta aliniambia kama sina laptop nisijisumbue. Nikaanza na simu hiyo hiyo niliyokuwa nayo. Niliweka Pydroid 3, programu ya simu ambayo ukishaipakua inaendesha Python hata bando likikata, na kuipakua hakukunimalizia hata elfu mbili. Mwingine alikuwa anafundisha kozi fupi hapa mjini. Huyo alitukaririsha: orodha ina mabano ya mraba, fanksheni inaanza na def, imeisha hiyo. Nilikariri wiki tatu nzima. Ungeniamsha usiku ningekutajia. Lakini nikipewa madeni ya mama, mikono haijui pa kuanzia.

Muda wa kusoma nilipewa na mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haiwakusanyi, kwa hiyo mitumbwi hupumzika siku kadhaa na mzigo unapungua sokoni. Siku hizo mama hanihitaji sana. Kwenye giza, magunia yakishuka alfajiri, sigusi simu kabisa. Kama na wewe una kazi ya msimu, usijilazimishe kusoma kila siku kama wanavyosema. Mimi nilisoma kwa mafungu na nimefika.

Programu yangu ya kwanza ilikuwa na deni_kahama, deni_geita, deni_tabora, kila mji na mistari yake. Mteja mpya akija, naandika upya. Orodha ilinitoa hapo: jina moja, wadeni, limebeba wote, na mteja mpya anaingia kwa append, amri ya kuongeza, mstari mmoja tu. Suala la Python kuhesabu nafasi za orodha kuanzia 0 linalowatisha watu halikunisumbua sana. Hesabu hatua unazotembea kutoka mwanzo wa foleni. Kumfikia wa kwanza hutembei hata moja, ndiyo maana yeye ni 0.

Kilichonitesa ni kufuta. Ijumaa moja Geita na Shinyanga walituma hela, wote wawili, asubuhi ile ile. Nikaandika hivi:

wadeni = ["Kahama", "Geita", "Shinyanga", "Bariadi", "Tabora"]
waliolipa = ["Geita", "Shinyanga"]
for m in wadeni:
    if m in waliolipa:
        wadeni.remove(m)

Ukiusoma ni kama Kiswahili: pitia kila mdeni, akiwa kalipa, mtoe. Nikaendesha, hakuna kosa lolote jekundu, nikampa mama orodha. Mama akapiga simu Shinyanga kudai. Mteja yule ana umri wa kumzaa mama, na alikuwa amelipa mpaka shilingi ya mwisho. Nilimsikia mama akisema "nisamehe sana mzee wangu" mara nne, tano, amesimama. Alipokata simu hakunifokea. Alifungua daftari lake la zamani, akaanza kuandika.

Ile iliniuma kuliko kufokewa.

Nikarudi kwenye simu. Kweli, Geita ametoka, Shinyanga yumo. Nikamuuliza yule kaka wa laptop kwa ujumbe. Akajibu: "Remove ndiyo kazi yake, utakuwa umekosea herufi." Nikakagua herufi moja moja, Shinyanga iko sawa pande zote. Nikabadilisha waliolipa nikaweka Geita na Bariadi, wakatoka wote vizuri! Nikarudisha Geita na Shinyanga, Shinyanga akabaki tena. Nikahisi tatizo linahusu wanaofuatana, ila sikujua kwa nini. Nikajaribu ujanja: nikaandika nakala = wadeni, nikapitia nakala huku nafuta kwenye wadeni. Matokeo yale yale, Shinyanga amekaa.

Usiku umeme ukakatika. Nikatoa sado tano za mama kibarazani. Sado, kwa wasioishi kwetu, ni kile kindoo cha rangi cha lita nne tunachopimia dagaa na maharage. Nikazipanga mstari, nikachora namba kwa chaki sakafuni, 0 mpaka 4, na ndani ya kila sado nikaweka kikaratasi cha mji. Nikamwita mdogo wangu wa darasa la sita, nikamwambia: "Wewe ni for. Mkono wako unaanza kwenye 0. Nikisema twende, sogea namba moja mbele, usiangalie kitu kingine."

Mkono kwenye 0, Kahama, hajalipa. Twende. Mkono kwenye 1, Geita, kalipa. Nikaiondoa sado ya Geita, na kwa kuwa orodha haiachi pengo, nikazisukuma zilizobaki kushoto: Shinyanga akakaa kwenye 1, Bariadi kwenye 2, Tabora kwenye 3. Twende. Mdogo wangu akapeleka mkono kwenye 2, akachungulia, akasema Bariadi. Kisha akarudisha macho nyuma.

"Dada, hii hatujaifungua."

Alikuwa anaonyesha sado ya Shinyanga. Nilimkumbatia palepale. Mkono ulikuwa umeenda mbele na sado ilikuwa imerudi nyuma, vimepishana. Ndiyo maana Geita na Bariadi walitoka salama: kati yao alikuwepo mtu ambaye hajalipa, yeye ndiye aliyerukwa, na kumruka hakukuharibu kitu.

Na ile nakala yangu? Nikachukua kikaratasi, nikaandika "nakala", nikataka kukiweka mahali. Pa kukiweka palikuwa mahali pamoja tu, kwenye mstari ule ule wa sado. Alama ya = haikununua sado nyingine tano. Ilibandika jina la pili kwenye zilezile, kama mama anavyoitwa Mama fulani kwa jirani na dada kwa mjomba. Ukitaka nakala ya kweli andika wadeni.copy() au wadeni[:]. Mimi siku hizi hata sifuti. Naanza na orodha tupu, wanaodaiwa, napita kwa wadeni, ambaye hajalipa namtia humo kwa append. Orodha ya zamani nayo inabaki kama kumbukumbu, na mama anapenda kumbukumbu.

Fanksheni, yaani hesabu unayoiandika mara moja, ukaipa jina na kuiita kila unapoihitaji, nilizielewa haraka zaidi, ila nazo kwa hasara. Hesabu ya mteja ni magunia mara bei, ongeza nauli ya mji wake, ongeza ujira wa kuli. Nilikuwa nimeinakili sehemu saba. Kuli wakapandisha, nikarekebisha sehemu sita, ya saba ilikuwa ya Tabora, na mama akafidia tofauti mfukoni mwake, kama elfu nane hivi. Kesho yake nikaandika def malipo(magunia, bei, nauli) na hesabu ikakaa humo peke yake. Kuli wamepandisha tena tangu siku hiyo, nimegusa namba moja.

Mwanzoni niliweka print ndani yake badala ya return. Kioo kilionyesha jibu sahihi, lakini nilipotaka kujumlisha malipo ya Kahama na ya Geita nikaambiwa nina None, yaani sina kitu mkononi. Hapa usikariri, nenda kasimame kwenye mzani wa soko. Yupo anayepaza sauti "tisini na mbili!" na kila mtu akasikia, halafu basi. Na yupo anayeandika uzito kwenye karatasi akakupa mkononi, ukaenda nayo kwa karani. Print hupaza sauti, return hukupa karatasi. Hesabu inayofuata inahitaji karatasi.

Laptop nilikuja kununua baadaye, ya mtumba, laki tatu na kitu. Nilipoiwasha, programu nzima ilikuwa tayari imeandikwa kwenye simu, nikaihamisha tu.

Mama sasa ananisomea waliolipa kila Ijumaa jioni, na akipiga simu kudai anakaa kwenye kiti. Juzi ameniuliza kama ile "kazi yako" inaweza kumwambia mwezi mkubwa, ule wa mbalamwezi kali, utaangukia tarehe ngapi, ili ajue lini aache kukopesha. Kutoka mwezi mkubwa mmoja hadi mwingine ni kama siku 29 na nusu. Nimeshaandika def mwezi_mkubwa(tarehe), na mdogo wangu amekwenda kuziosha sado.