Nlikuwa namtumia mtu asiyeona picha za daftari

Mimi ni katibu wa kikundi cha wafanyabiashara wadogo hapa Busia, mahindi, dagaa, mitumba, watu 23, wengine tuko upande wa Uganda wengine wako ng'ambo Kenya, na Kiswahili ndio kinatushika pamoja maana huyu Msamia, yule Mteso, mwingine Mnubi wa Bombo ameolewa huku. Mweka hazina wetu tunamwita Mwalimu, alifundisha shule ya msingi miaka na miaka mpaka presha ya macho ikamfunga macho yote mawili. Halafu kuna dada wa dagaa ambaye hasikii tangu utotoni. Zamani hata hatukufikiria, tulikuwa tunakutana Jumapili chini ya mwembe, Mwalimu anapapasa noti na kuhesabu, dada anakaa na binti yake anayemfanyia ishara, mambo yanaenda.

Machi 2020 korona ikaja, mpaka ukafungwa. Nusu ya kikundi ng'ambo, nusu huku, hakuna kuvuka. Tukahamia WhatsApp kama watu wote, na enzi hizo OTT, ile kodi ya mitandao ya kijamii ya Uganda, bado ipo, shilingi 200 kwa siku ndio ifunguke, kwa hiyo mtu anaingia, anamwaga kila kitu alichonacho, anatoka. Mimi kila jioni napiga picha ukurasa wa daftari natuma, nimejiona katibu wa kisasa kabisa. Wiki ya tatu hivi Mwalimu akanipigia.

"Mwanangu, hesabu ziko wapi?"

"Si nimetuma Mwalimu, pandisha juu kidogo utaziona."

Akanyamaza. "Simu yangu inaniambia picha. Picha, picha, picha. Ya nini, haisemi."

Aibu niliyoisikia siku hiyo sijui niiweke wapi. Simu yake ina TalkBack, ile ambayo ukigusa kitu kwenye skrini inakisoma kwa sauti, iko ndani ya simu nyingi za Android wala hailipiwi. Lakini enzi hizo ilikuwa inasoma maandishi. Ungeipa picha ya daftari lenye mwandiko wangu huu wa kuku, ingesema nini masikini?

Basi nikaanza kuchapa. Nikadhani tumemaliza, kumbe ndio kwanza tunaanza. Kwanza simu yake ilikuwa inasoma Kiswahili kwa sauti ya Kiingereza, yaani kama Mzungu aliyeshuka Entebbe jana, "elfu" inatoka kitu kingine kabisa. Hiyo tuliirekebisha kwenye setingi, ukichagua sauti ya Kiswahili inatulia. Pili, ufupisho wetu. Sisi tunaandika "nmtm 20k kwa sm", yaani nimetuma elfu ishirini kwa simu, mwenye macho anaelewa, ile sauti inaugua. Na emoji! Mama mmoja wa mitumba hawezi kuandika salamu bila vikaragosi kumi na tano, sasa Mwalimu anasikilizishwa "uso wenye machozi ya furaha, uso wenye machozi ya furaha, uso wenye machozi ya furaha" mpaka mwisho ndio aambiwe kwamba mama amelipa. Alinisikilizisha siku moja kwenye spika, tulicheka hadi mke wake akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Tukakubaliana emoji moja, mwisho wa ujumbe, na hiyo sheria ndio iliyonitafutia maadui wengi kuliko zote nilizowahi kuleta kwenye kikundi.

Baadaye mtoto wa Mwalimu akamletea laptopu kutoka Kampala, wakaweka NVDA. Hiyo ni programu ya kusoma skrini ya Windows, ya bure, ilianzishwa 2006 na Michael Curran wa Australia ambaye mwenyewe haoni, na mimi naona inaonyesha, maana haina mapambo, inafanya kazi tu. Hapo nikahamisha daftari likawa jedwali la Google Sheets ili sote tulione. Nikalipamba. Wenye deni nikawapaka rangi nyekundu, waliolipa kijani, jina la mwezi nikaunganisha visanduku vinne likakaa katikati zuri. Mwalimu akafungua: "Naona kila mtu ana jina na namba, nani anadaiwa?" Nyekundu haisomwi. Na vile visanduku vilivyounganishwa vinamchanganya, akishuka na mishale hajui yuko safu gani. Kuna mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na wenye ulemavu, unaitwa WCAG, umeandika wazi kabisa kwamba rangi peke yake isitumike kubeba habari, sisi hatukuusoma popote, tuligundua kwa ugomvi. Nikaongeza safu moja tu, "amelipa" au "anadaiwa", kwa maneno, na nikaachanisha visanduku. Dakika kumi. Na faida yake hata Hajati ambaye macho yanafifia akasema sasa ndio anaona vizuri, kumbe zile rangi zangu zilikuwa zinamtesa miezi yote na ananyamaza kwa heshima.

Kilichonisumbua zaidi ni kuandika pamoja. Kila mtu anasifu Google Docs eti watu wote wanaandika kwa wakati mmoja. Ndio, kwa anayeona. Mwalimu anasoma muhtasari wa kikao, mimi naongeza mstari juu, mwenzangu anafuta chini, yeye anasikia vurugu tu, maandishi yanahama chini ya miguu yake. Tuliwasha ile sehemu ya kusaidia visoma skrini, ni Ctrl+Alt+Z, ikasaidia lakini fujo ikabaki kwa sababu fujo ni sisi. Tukaweka zamu. Anayeandika anasema "naandika", akimaliza anasema "nimetoka", maoni mengine yanakuja kwenye grupu. Wenzangu walisema ni kurudi nyuma. Mimi nasema muhtasari wetu haujawahi kuwa safi kama tangu tuanze zamu. Na vichwa nikaanza kuviweka kwa hedingi ya kweli, sio kukoleza wino tu, kwa sababu kwa vibonyezo vya kibodi anaruka kutoka kichwa hadi kichwa, ukikoleza tu haoni kichwa chochote, ni gazeti refu lisilo na mwisho.

Zoom nisiseme sana. Ukishea skrini kwake ni picha inayotembea, haisomeki, kwa hiyo jedwali linatumwa mapema na mimi nasoma namba kwa sauti. Kuna programu nyingine ya kupanga kazi kwa vikadi niliijaribu, kujisajili tu ikamtaka Mwalimu achague picha zenye taa za barabarani. Nikaifunga hapo hapo.

Sasa dada wa dagaa. Huyu ndiye aliyenionyesha kwamba nimejisifu mapema. Maana Mwalimu akafurahia voisi, wazee wote wakafurahia voisi, kuchapa kunawachosha vidole, grupu likawa redio. Dada anaona mistari ya sauti tu, ishirini, thelathini kwa siku. Dawa ya mmoja ikawa sumu ya mwingine. Kwenye Zoom tukawasha maandishi ya chini, yakawa yamewekwa Kiingereza sisi tunaongea Kiswahili, yakaandika maajabu, tukazima. Kuweka binti yake afanye ishara kwenye video nako kunataka MB nyingi na mtandao usiogandisha mikono katikati ya neno. Na kitu ambacho nilichelewa kuelewa, yeye shule ya viziwi alisomeshwa kwa Kiingereza, lugha yake hasa ni ya ishara, Kiswahili cha maandishi anakisoma polepole, sentensi ndefu kama zangu hizi zinamchosha.

Jibu lilikuja kutoka tusikotarajia. Januari 2021 intaneti ilizimwa Uganda nzima wakati wa uchaguzi, tukarudi kwenye SMS za kawaida. Fupi, kavu, "Fatuma 20,000 amelipa". Mwalimu anasikia, dada anasoma, Hajati anasoma, mwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe, naye yumo. Siku zile hakuna aliyeniuliza chochote. Intaneti iliporudi nikashika mtindo huo huo: voisi ruksa, lakini aliyeituma anaandika chini yake mstari mmoja. Wasiopenda kuchapa nikawaonyesha ile maikrofoni kwenye kibodi ya Google, inaandika Kiswahili unachosema, wengine hawakuamini mpaka walipojaribu kuitukana.

Jumapili iliyopita mwanachama mpya wa Malaba akatuma picha ya risiti ya benki, tupu, bila neno. Mwalimu akajibu kwa voisi: "Picha imefika mwanangu, ni nzuri sana, umependeza." Grupu likalipuka, emoji mia, sheria yangu ikafa pale pale. Katikati ya vicheko dada wa dagaa akaandika: mnacheka nini?

Kimya. Halafu Mwalimu akaanza kuandika.