Nilivyotengeneza weusi usiorudisha mwanga

Nilianza kwa sababu ya mwezi. Darubini niliyoiunda mwenyewe ilikuwa na kioo kizuri, lakini kila nilipotafuta nyota hafifu jirani na mwezi, niliona ukungu wa kijivu tu. Nikatoa lenzi ya kutazamia, nikachungulia ndani ya bomba. Pete za alumini nilizozipaka rangi nyeusi ili zizuie mwanga uliopotea njia zilikuwa zinang'aa.

Rangi nyeusi ya kawaida, hata ile isiyo na mng'ao, hurudisha asilimia 3 hadi 5 hivi ya mwanga unaoipiga wima. Ukija kwa mshazari, hali ni mbaya zaidi. Chembe za masizi zimezama ndani ya gundi ya rangi, na gundi ikikauka huwa na uso laini kama wa plastiki. Mwanga ukitoka hewani na kugonga uso wa namna hiyo, takriban asilimia 4 hurudi papo hapo, kabla haujakutana na masizi.

Nilikuwa nimesoma kuhusu nanotyubu za kaboni, yaani vijibomba vya kaboni vyembamba mno visivyoonekana kwa macho. Mwaka 2008 watafiti wa Rensselaer Polytechnic Institute nchini Marekani waliziotesha zikasimama wima kama msitu, na msitu huo ukarudisha asilimia 0.045 tu ya mwanga. Mwaka 2014 kampuni ya Surrey NanoSystems ya Uingereza ilitangaza Vantablack, inayofyonza asilimia 99.965 ya mwanga, na mwaka 2019 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, wakafikia asilimia 99.995. Kwa njia iliyozoeleka msitu huo huota ndani ya tanuri lenye joto la nyuzi 700 hivi, gesi yenye kaboni ikipita juu ya punje ndogo mno za chuma. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Kwa hiyo nilinunua nanotyubu za unga, nikaamua kuzipaka.

Kosa langu la kwanza lilinipotezea miezi mitatu. Nilizichanganya na rangi, na kila matokeo yalipokuwa mabaya niliongeza unga. Rangi ikawa nzito kama tope, ikaziba bomba la kunyunyizia, na bado ilirudisha karibu asilimia 3.

Kilichonifumbua macho ni nyembe. Nilikuwa nikipima kwa leza ya kijani na fotodayodi, kijifaa kinachopima mwanga, ndani ya sanduku lenye giza. Nilihitaji kitu kisichorudisha mwanga kabisa ili nijue sifuri yangu iko wapi, na mafundi wa vifaa vya mwanga wana mbinu ya zamani: wanapanga nyembe nyingi, zikigusana bapa kwa bapa, kisha wanaelekeza leza kwenye makali. Niliziweka, nikatazama, nikabaki nimeduwaa. Kila wembe peke yake ni chuma kinachong'aa kama kioo, lakini rundo lile lilikuwa jeusi kuliko rangi yangu, na hapakuwa na punje hata moja ya kaboni. Mwanga unaingia katikati ya makali, unagonga huku na huku, unazidi kuzama, na kila pigo linaupunguza. Weusi ule ulitoka kwenye nafasi zilizoachwa wazi. Mimi kwa miezi mitatu nilikuwa nikizijaza gundi.

Nikaanza upya. Niliweka nanotyubu chache sana kwenye alkoholi, nikazitawanya kwa altrasoniki, yaani mawimbi ya sauti yasiyosikika, kwa vipindi vifupi, maana ukizidisha zinakatika. Pete nilizikwaruza kwa msasa, nikazipaka rangi nyeusi nyembamba, nikasubiri mpaka iwe imeshika lakini bado inanata kidogo. Hapo ndipo penye kazi yote. Rangi ikiwa mbichi mno, inapanda katikati ya nanotyubu na mng'ao unarudi. Ikiwa imekauka kabisa, nanotyubu hazishiki, zinapukutika ukizipuliza. Nilitupa pete sita kabla sijaujua wakati wake kwa kugusa ukingo.

Kisha nilinyunyiza tabaka nyembamba kwenye pete yenye joto, moja baada ya nyingine, nikihakikisha matone yanakauka yanapotua. Yakiungana yakawa maji, yanapokauka huzivuta nanotyubu na kuzilaza zikashikana. Pete niliipasha moto kwanza, nikaiondoa kwenye jiko la umeme, ndipo nikanyunyiza mbali na jiko: mvuke wa alkoholi hushika moto kwa cheche moja.

Na hapa sitaki mtu apite haraka. Unga wa nanotyubu usiuvute puani hata mara moja. Nyuzi ndefu na ngumu za aina hii zimewadhuru panya wa maabara kwa namna inayofanana na asbestosi, na mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka aina mojawapo kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Nilifanya kila kitu ndani ya kabati la maabara linalovuta hewa, nikiwa na glavu na barakoa yenye vichujio vya chembe, na meza niliifuta kwa kitambaa kilicholowa. Ufagio haukuingia humo. Asiye na kabati kama hilo asifanye kazi hii.

Baada ya tabaka 20 hivi, kipimo kilishuka hadi karibu asilimia 0.6. Msitu uliooteshwa ni jambo lingine kabisa, kwa sababu nanotyubu zangu zimelala ovyo kama majani makavu. Hata hivyo, nilipoishika pete ya kwanza chini ya taa sikuweza kuona mkunjo wa ukingo wake wa ndani. Jicho halikupata pa kushika.

Pete moja niliigusa kwa kidole gumba wakati wa kuifunga. Nanotyubu zikalala, alama ikabaki ya kijivu, na hakuna cha kuzisimamisha tena. Niliigeuza ielekee nyuma, mahali mwanga haufiki. Usiku wa kwanza wenye mwezi nilizipata nyota mbili hafifu upande wa kulia wa ukingo wake, mahali ambapo kabla ya hapo palikuwa na ukungu.