Kikopo cha shahawa hakipandi kivuko

Anayetoka Sengerema kuja Mwanza kupima mbegu za kiume asizikinge nyumbani akavuka nazo Kamanga. Kipimo kinatakiwa kianze ndani ya nusu saa, ikizidi sana saa moja, na foleni ya kivuko peke yake inaweza kuimaliza. Akingie hapohapo maabara.

Kabla ya hapo akae siku 2 hadi 7 bila kumwaga. Mate, sabuni, mafuta na kondomu ya kawaida aviweke kando. Vinaua mbegu au kuzilegeza. Tone la kwanza likidondokea nje ya kikopo, aseme, asione haya. Hilo ndilo lenye mbegu nyingi zaidi, na likikosekana majibu yanashuka bure.

Viwango vya chini vya Shirika la Afya Duniani, toleo la 2021: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, zinazotembea asilimia 42. Kupungukiwa kidogo si utasa.

Na malaria je? Mbegu huiva kwa siku 74 hivi, kwa hiyo homa kali ya mwezi uliopita bado inaonekana kwenye darubini. Rudia kipimo baada ya miezi 3 kabla ya kukubali upasuaji wa mishipa ya korodani iliyovimba, hata ule wa kitundu kidogo.