Siku tuliyolipima gari likiwa limezima

Mjomba hakupandisha sauti gari lilipozima katikati ya mlima. Aliweka kiganja juu ya dashibodi, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Vuta hendibreki. Stata usiiguse kwanza."

Gari lilikuwa limetoka kiwandani mwaka 1968, na lilikuwa mikononi mwake tangu 1971. Macho yake yalipodhoofu alinikabidhi. Nililipokea kwa furaha na kwa hofu, maana utoto wangu karibu wote niliupitisha kwenye kiti chake cha nyuma. Lakini likanishinda mapema. Mwanzo lilikuwa zito kuwaka: stata inajikokota, betri inakaribia kwisha, ndipo injini inaitika. Nikabadilisha betri, nikabadilisha plagi. Mwisho nikafunga koili mpya, kile kifaa kinachokuza umeme wa betri hadi uweze kuruka cheche kwenye plagi, na siku hiyo likawaka mara ufunguo ulipogeuka. Niliamini nimemaliza kazi. Wiki hiyohiyo likaanza kuzima barabarani.

Nusu saa ya kwanza linakwenda vizuri. Halafu linakohoa, linaishiwa nguvu, linakufa. Likipoa, linawaka kama halikuwa na lolote. Kila niliyemwuliza alisema ni mafuta, kwamba petroli inachemka ndani ya bomba na pampu inabaki kusukuma mvuke. Jambo hilo lipo kweli kwenye magari ya kabureta, kwa hiyo nilikubali. Nilifungua kabureta mara nne. Nilipuliza jeti, nikapima kimo cha boya, nikabadilisha chujio na pampu, nikalisogeza bomba mbali na joto la injini. Wapi!

"Mara zote nne ulizofungua kabureta," Mjomba aliniuliza pale mlimani, "gari lilikuwa la moto au limepoa?"

"Limepoa, Mjomba. Nyumbani."

"Basi ulikuwa unampima mgonjwa akishapona."

Maneno yale yaliniingia. Akaniambia nitoe chujio la hewa. Nilimulika koo la kabureta kwa tochi, nikasukuma kwa kidole kile kijiti kinachovutwa na pedali ya mafuta. Petroli ikaruka ndani, mchirizi mwembamba wenye nguvu. Nikasukuma tena, ikaruka tena. Mafuta yalikuwepo. Miezi miwili nilikuwa nikihangaika na kitu kisicho na kosa, na kulijua hilo kulihitaji sekunde tano tu.

Nilirudisha chujio kwanza, kwa sababu mvuke wa petroli na cheche havikai pamoja. Nikachomoa waya wa plagi moja, nikauvisha plagi ya akiba, nikailaza juu ya chuma cha injini na kuibana kwa koleo lenye mpini wa mpira. Mjomba akahamia kwenye usukani na kupiga stata. Cheche ilitokea mara moja, nyekundu, imefifia, ikapotea. Cheche nzima huwa ya buluu na unaisikia ikitatarika. Nikaigusa koili kwa mgongo wa mkono, nikautoa upesi.

"Ina moto?"

"Haishikiki, Mjomba."

Koili kupata joto ni kawaida, lakini si joto la kuunguza. Tulilowesha kitambaa, tukaizungushia, tukasubiri kama dakika 10. Nilipopima tena, cheche ilikuwa ya buluu. Gari likawaka, tukarudi.

Nyumbani nilichomoa nyaya za koili na kuigusisha mita kwenye vituo vyake viwili vidogo. Omu 1.5; omu hupima jinsi kitu kinavyouzuia umeme. Ile ya zamani, niliyokuwa nimeitupia kwenye boksi la vyuma, ikasoma omu 3.1. Ukiziweka pamoja huwezi kuzitofautisha kwa macho. Lakini ya omu 1.5 ni ya magari yenye kipande cha kupunguza umeme kabla haujafika kwenye koili, na letu halina. Linapeleka volti 12 moja kwa moja. Volti 12 kwenye omu 3 ni ampea 4. Kwenye omu 1.5 ni ampea 8, na joto mara mbili kila platini, vile vidomo viwili vinavyokata na kuunga umeme wa koili, zinapofunga. Nikafungua kifuniko cha distribyuta, kile kifaa kinachogawa cheche kwa plagi na chenye platini ndani yake. Nyuso za platini zilikuwa zimeungua.

Usiku ule sikulala vizuri. Kama koili ile haikufaa, mbona ilitibu tatizo la kuwaka? Nililigeuzageuza hadi nikaona njia. Stata inapozunguka hunyonya umeme mwingi na volti zinashuka. Koili ya omu 3 ilikuwa inabaki na njaa, ila ile ya 1.5 ilikuwa inaweza kushiba hata kwa volti chache. Kwa hiyo kulikuwa na kitu kinachokula volti, na nilikuwa nimekifunika badala ya kukitafuta.

Asubuhi niliweka ncha moja ya mita kwenye chuma cha injini, nyingine kwenye nguzo hasi ya betri, Mjomba akapiga stata. Zaidi ya volti 2 zilikuwa zinapotelea njiani, wakati hazitakiwi kuzidi kama nusu volti. Nikafuata utepe wa ethi, njia ya umeme kurudi kwenye betri, unaounganisha injini na bodi. Chini ya boliti yake palikuwa na kutu tupu.

Nilipiga msasa hadi chuma kikang'aa, nikapaka grisi, nikarudisha koili ya zamani, nikafunga platini mpya na kuziachia nafasi ya milimita 0.4. Stata ikazungusha injini kwa kasi ambayo sikuwa nimeisikia tangu utotoni.

Jumamosi tulipanda mlima ule tena. Tulipofika pale pale, Mjomba aliniambia nizime na nisifungue boneti. Alijua kwamba injini ikisimama feni nayo husimama, na joto hupanda kwanza kabla ya kushuka. Tulikaa kimya dakika 10. Kisha akanyoosha mkono kutoka kwenye kiti chake, akaupapasa ufunguo, akaugeuza yeye mwenyewe. Injini ilishika kabla hajauachia.