Sekunde saba kwenye neno "matofali"

Mimi huwaandikia watu nyimbo. Nilizaliwa Busia, upande wa Uganda, ambako Kiswahili ni cha soko, cha lori na cha ugomvi, na hicho ndicho kilichonipa kazi hapa Kampala. Msanii akitaka wimbo wake ufike Kisumu, Goma au Mwanza, hunitafuta. Studio yangu ni chumba kimoja Makindye, kuta zimebandikwa trei za mayai na vipande vya godoro, na mvua ikinyesha hatuingizi sauti kwa sababu bati halinyamazi.

Siku moja alikuja kijana wa Mbale, mji ulio chini ya Mlima Elgon, akiwa na biti nne zilizokamilika na maneno ya wimbo mmoja, nusu. Aliniwekea simu mezani akasema, "Dada, nataka nyimbo zangu zishikane kama hizi." Alikuwa anasikiliza BTS, wale vijana wa Korea Kusini. Aprili 2019 walitoa kazi iliyobeba neno persona kwenye jina lake, na Februari 2020 wakaiendeleza, safari hii wakiwa na wimbo wa kivuli na wimbo wa ego, yaani ule "mimi" wa mtu. Fikra hizo zinatoka kwa Carl Gustav Jung, daktari wa akili wa Uswisi aliyefariki mwaka 1961, na wao walizipata kupitia kitabu cha Murray Stein kinachomfafanua Jung. Kijana alikuwa amezishika istilahi zote, na alitaka tuziimbe.

Tukaziimba. Kiitikio kilitaja "kivuli changu" mara nane. Usiku nilipousikiliza peke yangu niliona nimeandika somo la darasani na kulipigia ngoma. Hakukuwa na mtu ndani ya wimbo ule. Niliufuta, nikamwambia anipe mwezi mmoja nimsome huyo Jung mwenyewe.

Sikutarajia kumkuta karibu na nyumbani. Mwaka 1925 alishuka Mombasa na wenzake, wakapanda hadi Mlima Elgon, na safari yao ilipewa jina la Msafara wa Kisaikolojia wa Bugishu. Alikaa na watu wa mlimani upande wa Kenya, akizungumza nao kwa Kiswahili cha kuokoteza, kamusi mkononi, akiwauliza ndoto zao. Wakamwambia hawaoti. Mwishowe mzee mmoja, mganga, akamweleza kwa uchungu kwamba zamani waganga waliota na kujua kama vita au maradhi yanakuja, ila tangu Wazungu waingie ndoto zimekwisha kazi, maana Waingereza wanajua kila kitu. Baadaye Jung alipita Bugisu, upande wa Uganda, kwa Wagisu wa kina kijana wangu, akafika Jinja, akashuka na Nile hadi Sudan na Misri. Sitaficha kwamba namna alivyowaandika Waafrika iliniumiza. Alituona watu wa mwanzo wa dunia, kana kwamba sisi hatuna jana. Nilifunga kitabu kwa siku kadhaa. Lakini yule mzee aliyelilia ndoto zake alinirudisha. Nilijua napaswa kumwandikia kijana wa mlima uleule wimbo wenye ndoto ndani yake.

Nikaanza na persona, kwa kuwa ndiyo nyepesi. Ni neno la Kilatini la kinyago alichovaa mwigizaji. Jung hakusema kinyago ni uongo. Kila mtu anahitaji sura ya kutokea nayo mbele za watu: mwalimu ana yake, kondakta wa teksi ana yake. Hatari huja mtu anaposahau kwamba amekivaa. Nilimuuliza kijana yeye alivaa chake lini mara ya kwanza, akajibu bila kufikiri: siku ya imbalu. Kwa Wagisu tohara hufanyika miaka inayogawika kwa mbili. Kijana hucheza kwa siku kadhaa akipita kwa ndugu zake, ngoma za kadodi nyuma yake, kisha husimama wima mbele ya umati, na akitikisika kidogo tu, aibu hiyo itamfuata yeye na ukoo wake. Basi wimbo wa kwanza tukaupata pale pale. Kadodi tupu, sauti juu, na mstari mmoja unaorudi: *Nitazameni, sikupepesa jicho.*

Wimbo wa pili ndio uliotutesa. Kivuli, kwa Jung, ni yote ambayo mtu hataki kuwa na bado ni yake. Waswahili tulishalisema kwa ukali zaidi: nyani haoni kundule. Nusu ya wimbo aliyokuja nayo ilikuwa lawama kwa mwanamke aliyeenda Dubai "akamsahau". Ilikuwa na machozi, ilikuwa na biti nzuri, na mimi sikuiamini hata mstari mmoja. Anayeimba alikuwa ni kinyago bado, safari hii kinyago cha aliyeonewa. Pop imejaa hicho. Kila mtu kaachwa, hakuna aliyeacha.

Nilichokifanya nilikitoa kwenye kazi ya Jung ya ujanani, alipokuwa hospitali ya Burghölzli, Zurich. Alikuwa akimsomea mtu orodha ya maneno 100, moja moja, na mtu anajibu kwa neno la kwanza linalomjia, huku saa ikipima alichelewa kiasi gani. Panapochelewa, au mtu anapouliza "umesemaje?", au anapocheka pasipo kichekesho, hapo pana fundo. Wenyewe wanaita kompleksi. Mimi naona Kiswahili kimelitaja vizuri zaidi tunaposema fulani ana fundo moyoni. Niliandika maneno 40 kwenye daftari, mengi ya kawaida, machache niliyoyaokota kwenye mazungumzo yetu.

Ilikuwa Jumapili, umeme umekatika, tumekaa barazani na rolex mbili, chapati zilizoviringishiwa mayai, zikipoa kwenye sahani. Nilishika simu kwenye kipima muda.

"Maji." "Manafwa," mto wa kwao. Sekunde moja.

"Jukwaa." "Taa."

"Mama." "Chai."

"Dada." "Dubai." Haraka kabisa.

"Matofali."

Boda ilipita. Akaitazama mpaka ilipokata kona. Akacheka. "Umesema matofali?" Nikanyamaza, kidole kiko palepale. "Mvua," akasema. Sekunde saba. Neno lililofuata lilikuwa "kiti," neno lisilo na kosa lolote, na hilo pia alilichelewesha, kama mtu ambaye bado anageuka kutazama alikotoka.

Tulipomaliza nilirudia orodha nzima nikimtaka akumbuke alichojibu mwanzo, maana Jung naye alirudia hivyo. Alikumbuka karibu yote. Kwenye matofali akasema, "Nilisema nyumba." Nikamwonyesha daftari. Akalitazama lile neno mvua muda mrefu, kisha akasukuma sahani pembeni.

Aliyeenda Dubai hakuwa mpenzi. Alikuwa dada yake mkubwa, mtumishi wa ndani, na kwa miaka mitatu alituma pesa za kumjengea mama yao nyumba. Kijana ndiye aliyezipokea. Zililipia studio, nguo za jukwaani, na video moja ambayo haikufika popote. Dada alipoomba picha, alimpigia picha matofali ya jirani. Alipoomba kuona msingi, akamwambia mvua kubwa ilinyesha kabla hayajachomwa, yote yakarudi kuwa udongo. Ndiyo maana neno lililokuja lilikuwa mvua.

Mimi si daktari, na barazani pale niliogopa. Nilifunga daftari. Nilimwambia si lazima aliimbe hili, na akiamua kuliimba halitatoka studioni kabla dada yake hajalisikia. Alikaa wiki tatu bila kunipigia. Siku aliyorudi, alikuwa na ubeti mzima kichwani, na ulianza hivi: *Mvua haikunyesha, dada. Anga lilikuwa jeupe.* Tuliondoa ngoma zote. Tulibakiza gitaa moja na pumzi yake. Wazee wa kadongo kamu hapa Uganda wameimba hivyo miaka mingi, gitaa na hadithi ndefu yenye watu, mahali na kosa, na nadhani ndiyo maana masikio yetu yanakubali wimbo usio na biti ikiwa kuna jambo linasemwa.

Niseme na hili. Aliweza kuliimba kwa Kiswahili tu. Alijaribu kwa Lumasaba, lugha ya kwao, koo ikafunga. Alijaribu kwa Luganda, likawa tangazo. Kampala, Kiswahili kwa muda mrefu kilihesabiwa lugha ya askari na ya vizuizi vya barabarani, na wapo wazee ambao hata leo wakikisikia usiku wanakagua kufuli. Nimekulia ndani yake kwa upendo, hivyo jambo hilo hunichoma. Lakini siku ile nilielewa: lugha ambayo mji umeiweka kivulini ilikuwa mahali pazuri pa kuweka kile ambacho mtu ameficha kivulini.

Kwa wimbo wa tatu tulikuja kwenye anima, sura ya mwanamke anayoibeba mwanamume ndani yake na kumvisha mwanamke yeyote anayekutana naye. Mwanzo nilidhani inatosha kumwita mwimbaji wa kike aimbe ubeti mmoja. Sivyo. Kijana aliandika dada yake kama malaika: anang'aa, anasamehe, mikono yake nyota. Nilikata mistari yote. Nilimuuliza: dada anaamka saa ngapi, analala chumba cha aina gani, miguu inamuuma jioni? Hakujua hata moja. Tangu hapo, nikipewa wimbo wa mapenzi nauliza kwanza kama huyo mwanamke ana kazi na kodi ya nyumba. Kama hana, basi ni anima ya mtunzi, na mwanamke mwenyewe hajaingia kwenye wimbo.

Akarudi kwenye sauti ambazo dada alikuwa akimtumia WhatsApp, miaka mitatu ya sauti, ambazo zamani alikuwa akizisikiliza hadi kiasi cha pesa kitajwe, kisha anazifunga. Safari hii alizisikiliza mpaka mwisho. Alijifunza kwamba dada anapiga pasi hadi saa sita usiku. Kwamba mtoto wa pale nyumbani humwita kwa jina la mtumishi aliyemtangulia. Kwamba karibu kila mara, baada ya habari za pesa, alikuwa akiuliza kama ule mparachichi nyuma ya jiko la mama umezaa. Wimbo wa tatu ni hayo tu, yamepangwa. Hauna sifa hata moja.

Wimbo wa nne mimi nilitaka uwe wa kupatana. Nilikwisha andika hata kiitikio. Kijana akakataa, na alikuwa sahihi kuliko mimi. Safari ambayo Jung anaizungumzia, ya mtu kuwa nafsi kamili, haimtakasi mtu. Inamkusanya, pamoja na kile alichokitupa. Basi tulirudisha kadodi za wimbo wa kwanza, zikipigwa taratibu kwa nusu ya mwendo, na mstari uleule ukageuka neno moja: *Nitazameni, nimepepesa jicho.* Katika nyimbo zote nne hutasikia persona, wala anima, wala Jung. Istilahi zilibaki kwenye daftari langu, kama miti ya kupandia ambayo fundi huiondoa nyumba ikisimama.

Alimtumia dada yake nyimbo zote usiku mmoja, akiwa amekaa hapa kwenye kiti cha studio kwa sababu hakutaka kuwa peke yake. Tiki mbili zikawa buluu. Tukasubiri. Nilichemsha chai, ikapoa, nikachemsha nyingine. Karibu na saa saba ikaja sauti fupi. Hakulia, hakutukana, na kuhusu nyimbo hakusema lolote. Aliuliza: "Tofali moja sasa ni shilingi ngapi huko?"

Alimtajia bei papo hapo, ya mabichi na ya yaliyochomwa, na nauli ya lori.